Mgeni wa kilo moja: Yorkshire terrier mchanga na wenyeji aliowakuta

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu wenye wanyama tayari nyumbani, ambao wamechukua au wanakaribia kuchukua mtoto wa Yorkshire terrier. Wengi wanataka kujua kama watapatana. Sisi tungeanza na mizani. Mbwa huyu akiwa na wiki 9 mara nyingi hajafika kilo 1, na hata akikomaa viwango vya ukoo wake vinamtaka asizidi kilo 3.2. Paka wa kawaida ana kilo 4 au 5. Kwa hiyo karibu kila mnyama atakayemkuta anaweza kumuumiza bila hata kukusudia, na mwenyewe hana habari, maana humo ndani mna kichwa cha terrier, yaani mbwa wa kuwinda wanyama wadogo.

Swali: Hamjambo wataalamu. Nina paka jike wa miaka 6, hajawahi kuishi na mbwa. Mtoto wa mbwa anafika wiki ijayo. Niwakutanishe siku ileile au nisubiri?

Jibu: Subiri. Siku ya kwanza wasionane kabisa. Mtengee mgeni chumba kimoja chenye mlango unaofungika, umwekee kizimba, maji na mahali pa kujisaidia. Nyumba iliyobaki iwe ya paka. Yeye ndiye mwenyeji, na paka aliyenyang'anywa sehemu zake huanza kukojoa kwenye makochi na matandiko.

Siku 3 hadi 5 za mwanzo ni kazi ya pua. Mfute paka kwa kitambaa kikavu mashavuni na chini ya kidevu, palepale anapopenda kujisugulia kwenye miguu ya meza, kisha ukiweke karibu na bakuli la mbwa. Kitambaa kingine mfute mbwa, ukiweke hatua mbili tatu kutoka bakuli la paka. Paka akikinusa na kuendelea kula, songa mbele. Akiacha chakula, kiondoe mbali zaidi na urudie kesho.

Baada ya hapo waonane kupitia kilango cha kuzuia watoto wadogo. Angalia nafasi kati ya nondo zake: nyingi zimeachana sentimita 5 au 6, na mtoto wa Yorkshire anapenya hapo. Baya zaidi, kichwa kinapita na mwili unabaki. Funga wavu mgumu upande wa chini, urefu wa sentimita 40 hivi.

Kukutana chumba kimoja kuje mwisho. Mbwa awe ameshiba, amechoka kidogo, na amefungwa mkanda wa kifuani wenye kamba nyepesi. Usimfunge shingoni, koromeo la mbwa hawa ni laini na huelekea kubonyea, na mvuto mmoja wa ghafla unatosha kumletea kikohozi. Paka awe na mahali pa juu pa kukimbilia, kabati au rafu ya sentimita 120 kwenda juu, na njia ya kufika huko isipite mbele ya mbwa. Dakika 5 hadi 10 zinatosha, mara 2 au 3 kwa siku. Mbwa akimkodolea paka macho, mwite kwa jina, na akigeuka tu mpe kipande cha chakula kisichozidi punje ya njegere. Usimpakate yeyote kati yao wakati huo: paka aliyeshikwa atakuchana mkono, na mbwa aliyepakatwa umemfikisha usawa wa kucha.

Mtazame paka mkiani. Ncha inayotikisika polepole ni uchunguzi. Mkia mzima unaopiga sakafu na masikio yaliyolazwa nyuma ni onyo, basi malizeni mapema. Kofi lisilo na kucha ni somo zuri, liache lipite. Kofi lenye kucha ndilo la kuogopa, kwa sababu kwa kimo cha mbwa huyu hutua machoni. Mkate paka ncha za kucha siku moja kabla. Mbwa akibana jicho moja au likitoa machozi mfululizo, aonwe na daktari wa mifugo siku hiyohiyo, na usimtie matone ya macho yaliyobaki kwenye kabati lako: yenye steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, huzidisha kidonda cha uso wa jicho.

Wengi huzoeana baada ya wiki 2 hadi 4. Paka mzee anaweza kuchukua miezi. Kinachoharibu zaidi ni haraka. Kila mara mbwa anapomkimbiza paka na paka akakimbia, amejifunza kwamba paka ni mchezo, na somo hilo ni gumu kulifuta. Ndiyo maana ile kamba ibaki mwilini, hata kama inaburuzika tu sakafuni, mpaka apite siku kadhaa bila kujaribu kumfuata.

Swali: Mtoto wa mbwa anakula chakula cha paka, na jana nimemkuta kichwa chote kiko ndani ya beseni la mchanga la paka. Nimeweka beseni kwenye kabati lenye tundu la paka kupita lakini wapi!

Jibu: Tundu linamfaa mwenye mbwa mkubwa. Kwa Yorkshire terrier halisaidii, kwa kuwa anapopita paka yeye anapita akiwa amesimama wima. Kinga yako ni kimo, si upana. Bakuli la paka liwe mezani au dirishani. Beseni liwe nyuma ya kizuizi cha sentimita 50 hadi 60 ambacho paka ataruka, mradi paka si mzee mwenye maumivu ya viungo. Akiwa mzee, fanya kinyume: beseni libaki chini, kizuizini awe mbwa.

Chakula cha paka kina protini na mafuta mengi kuliko cha mbwa, ndiyo maana kinamnukia. Mara moja kitamletea kuhara. Mara kwa mara kinaweza kuvimbisha kongosho. Kinyesi cha paka kinamvutia kwa sababu hiyohiyo, na huja na mayai ya minyoo. Mchanga unaoganda ukilowa ni hatari ya peke yake, kwani ndani ya utumbo mwembamba kama huo unaweza kugeuka donge. Mwezi huu wa kwanza tumia mchanga wa karatasi au wa mbao, na uzoe kinyesi mara 2 kwa siku.

Swali: Mbwa wetu mkubwa ana kilo 35, mpole mno, hata watoto wanamlalia. Kweli kuna haja ya kumlinda mdogo?

Jibu: Ipo. Amemzidi uzito karibu mara 40. Mguu wake ukitua mgongoni kwa mchezo unavunja mbavu, wala hajakasirika.

Lakini kuna jambo jingine watu wengi hawalijui. Mnyama mdogo akikimbia huku akilia kwa sauti nyembamba, mbwa mpole kabisa anaweza kubadilika dakika hiyo akawa mwindaji: anamdaka na kumtikisa. Hamchukii. Mwili umejibu kabla ya kichwa, na mtikiso mmoja unavunja shingo. Hutokea mara nyingi kengele ya mlango inapolia, mchezo unapopamba moto, au chakula kinapoangushwa sakafuni.

Anza hivi. Mtembeze mkubwa nusu saa kwanza. Wakutane uani au mahali ambapo mbwa wa watu wengine hawapiti, maana chanjo za mdogo hazijakamilika. Wawepo watu wawili, kila mmoja na mbwa wake, kamba zikiwa zimelegea. Kamba iliyokazwa humwambia mbwa kwamba kuna shari. Mkubwa alale chini kama anajua amri hiyo, mdogo amsogelee mwenyewe. Kunusana sekunde 3, waite, wapongeze, rudia. Nyumbani wale vyumba tofauti, na mifupa na midoli ya mkubwa iondolewe kabla mdogo hajaingia.

Ukitoka, mdogo awe kwenye kizimba ndani ya chumba kilichofungwa mlango. Si kilango, ni mlango. Mnauliza mpaka umri gani. Jibu letu halipendwi: akikomaa atakuwa na kilo 3, na mkubwa bado atamzidi uzito zaidi ya mara 10.

Swali: Mbwa wetu wa zamani anamngurumia mtoto akikaribia kitanda chake. Tumgombeze?

Jibu: La hasha. Mngurumo ni taarifa. Ukimzuia kunguruma bado atakuwa na kero ileile, na safari ijayo ataanzia kwenye meno. Mwondoe mdogo kimyakimya, kitanda kisogezwe pembeni, na mzee apate saa kadhaa kila siku ambazo hasumbuliwi. Kama ngurumo ni mpya kabisa kwake, achunguzwe viungo na meno; mwenye maumivu hana subira na meno ya kitoto yaliyo kama sindano.

Swali: Shikamoo daktari. Mtoto wa mbwa ana wiki 10. Jana alicheza na paka asubuhi nzima, kisha akaanza kuyumba, kutetemeka, macho yamelegea. Baadaye akawa sawa. Ni sumu?

Jibu: Marahaba. Sumu haiwezi kuondolewa kwenye orodha hadi apimwe, ila picha uliyoichora ni ya sukari ya damu kushuka. Mbwa wadogo kama hawa hawana akiba: ini ni dogo, misuli michache, mafuta karibu hakuna. Akikosa mlo mmoja na akacheza kwa nguvu, sukari inaisha. Katika nyumba yenye wanyama wengine hutokea kwa urahisi, kwa sababu anaogopa kula mbele ya wakubwa, au wakubwa wanammalizia, nawe unaona bakuli tupu na kudhani amekula.

Ikitokea tena, chovya kidole kwenye asali au sukari iliyokorogwa na maji kidogo, umpake kwenye fizi na ndani ya shavu, kama nusu kijiko cha chai kwa jumla. Asiyejitambua usimmiminie kitu mdomoni, kitaingia mapafuni. Mfunike apate joto. Kwa kawaida huamka ndani ya dakika 5 hadi 10. Akiweza kusimama mpe chakula halisi, kisha mpeleke kwa daktari hata kama anarukaruka. Akiwa hajaamka, mpake ukiwa njiani.

Kinga yake ni milo 4 kwa siku mpaka afike miezi 3 au 4, wa mwisho usiku kabla ya kulala, akila peke yake mlango umefungwa nawe ukiona bakuli likiisha. Mchezo dakika 10 hadi 15, kisha alazwe kizimbani. Kama anakula vizuri na bado inajirudia, au anaduwaa baada ya kula na hakui, mwambie daktari apime ini. Ukoo huu unajulikana kwa hitilafu ya kuzaliwa nayo ambapo mshipa hupitisha damu pembeni ya ini badala ya ndani yake.

Swali: Dawa ya viroboto ya kudondoshea shingoni, naweza kugawa ya mbwa mkubwa: nusu kwa mdogo, kidogo kwa paka?

Jibu: Hapana, na hili halina mjadala. Dawa nyingi za mbwa zina permethrini, ambayo ini la paka haliwezi kuivunja. Paka huanza kutetemeka, masikio na ngozi zinarukaruka, kisha degedege, na wengine hufa. Anaweza kuipata hata kwa kulala na mbwa aliyepakwa au kumlamba. Nyumba yenye paka itumie dawa isiyo na permethrini kabisa. Ikishamgusa, mwogeshe kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, mkimbilieni daktari.

Kwa mdogo, soma kifungashio: kuna uzito na umri wa chini kwa kila dawa, na kugawa kichupa hakukupi kipimo sahihi. Mwenye sungura naye ajue kwamba fipronili, dawa nyingine ya viroboto ambayo mbwa na paka huivumilia, sungura inaweza kumuua.

Swali: Nina sungura wawili na simbilisi mmoja. Akikua nao tangu mdogo hatawazoea?

Jibu: Atazoea harufu yao, si mbio zao. Ukoo huu ulikuzwa karne ya 19 kaskazini mwa Uingereza, na kazi yake moja katika viwanda vya nguo ilikuwa kuua panya. Huddersfield Ben, dume aliyezaliwa mwaka 1865 ambaye wengi wao ni uzao wake, alisifika kwa kazi hiyo. Utepe anaofungwa kichwani siku hizi haukuondoa silika hiyo.

Banda liwe juu, angalau sentimita 80, na liwe na kijumba cha ndani cha kujificha. Sungura anaweza kufa kwa hofu bila kuguswa, na akiacha kula kwa saa 12 ni dharura. Simbilisi ana jambo lake: mbwa anaweza kubeba bakteria wa Bordetella, wanaompa kikohozi tu, na kumwambukiza simbilisi nimonia. Nawa mikono kati ya mmoja na mwingine, na mbwa akikohoa vyumba vitengane kabisa.

Swali: Anamfuata paka kwenye kochi na kuruka chini kama yeye. Mbona paka haumii?

Jibu: Paka anatua kwa mwili wote kama springi. Yorkshire terrier anatua kwa mifupa miwili myembamba ya mguu wa mbele, mara nyingine haizidi unene wa penseli. Kochi lenye kimo cha sentimita 45 ni mara mbili ya kimo chake hata akiwa mkubwa, na mguu huo ukivunjika karibu na kifundo huunga kwa shida kwa sababu damu inayofika hapo ni kidogo. Weka ubao wa kupandia wenye zulia, mteremko mrefu kuliko mkali, na umfundishe kuutumia kwa vipande vya chakula; sakafu ya vigae itandikwe mkeka anapotua. Akianguka na kuinua mguu bila kuukanyagia, usimkande wala kumfunga gango la nyumbani. Mweke kizimbani, paka atolewe chumbani, umpeleke.