Jibu: Digrii ya Uganda inatambulika Bongo?

Mkuu umeuliza kama mdogo wako wa Makorora aende Kampala au asubirie vyuo vya hapa, mi nimesoma huko nikarudi Tanga, ngoja nikupe yangu.

Wakala alituonyesha karatasi ina mhuri, chuo kimesajiliwa NCHE (baraza la elimu ya juu la Uganda), lipeni tu. Na kweli kilisajiliwa, hapo hakudanganya. Ambacho hakusema ni kwamba NCHE wanapitisha chuo kivyake na kila kozi kivyake, na kozi ina tarehe ya mwisho, ikifika inakaguliwa upya. Ya kwangu ikaisha nikiwa mwaka wa pili, chuo kimya, sisi tunakula rolex zetu (chapati na mayai) hatuna habari. (Mwaka 2023 Uganda nzima ilizuka zogo hilohilo, kozi kibao kwenye tovuti ya NCHE zilionekana muda umeisha.)

Nimerudi nikaitwa kazini, wakataka barua ya TCU (tume yetu ya vyuo vikuu) ya kutambua tuzo, yaani digrii yangu. Nikapeleka vyeti vyote kuanzia form four, swali likaja moja tu, kozi ilikuwa na ithibati (hicho kibali cha NCHE) ulipodahiliwa? Chuoni simu inaita haipokelewi, miezi minne, mwisho nikapanda basi mwenyewe, mama mmoja wa ofisi ya msajili akafunua faili, tarehe ya ithibati imeandikwa pembeni kwa kalamu ya bluu, niliingia ikiwa hai. Barua nikapata, kazi alishapewa mwingine.

Na usidanganywe eti tuko Jumuiya moja basi digrii inapita yenyewe. IUCEA (baraza la vyuo vikuu la Afrika Mashariki) wana mfumo wa pamoja wa sifa toka 2015 lakini TCU bado watataka makaratasi yako.

Afadhali hata Uganda, maana huku, Kenya na kule mwenye kauli ni chombo cha serikali, TCU kwetu, CUE Kenya, NCHE Uganda. Hizi digrii za mtandaoni za Marekani ndo watu wanapigwa, kule ithibati inatolewa na taasisi binafsi, wizara yao ya elimu na CHEA (baraza lao la ithibati, sio la serikali) wanatambua tu hizo taasisi, sasa mjanja anafungua chuo na taasisi ya kukithibitisha humohumo, kama muuza samaki wa Deep Sea aliyejichongea mzani wake.

Dogo aingie tovuti ya NCHE atafute jina la KOZI sio la chuo, aangalie tarehe, apige skrinishoti aitunze, halafu aombe NOC (cheti cha kutokuwa na pingamizi) ya TCU kabla hajalipa hata mia.