Feni ya rejeta imeungua: ninunue ipi, na waya zipite wapi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Corolla AE100, injini ya 5A-FE. Mota ya feni ya rejeta iliungua, fundi wa mtaani akaniwekea feni mpya ya inchi 12 na kuiunga moja kwa moja kwenye waya wa swichi ya funguo. Inazunguka muda wote gari likiwa linawaka, lakini kwenye foleni mshale wa joto bado unapanda, na ule waya unapata moto hadi unanuka. Nifanye nini? (Msomaji, Temeke)

JIBU: Ndugu yangu, huo waya uondolewe kwanza, mengine yafuate. Feni ya wati 120 inakula ampea 10 ikishakolea mwendo, na inapoanza kuzunguka inavuta mara mbili au tatu ya hapo kwa muda mfupi. Swichi ya funguo haikuundwa kubeba mzigo huo. Inaungua ndani polepole, halafu siku moja gari linazima barabarani nawe unahangaika na pampu ya mafuta.

Feni tafuta ya Corolla hiyohiyo, mtumba wa Japani, pamoja na fremu yake ya plastiki. Kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Kariakoo, hazikosekani. Watu wanaidharau fremu, na ndiyo inayoifanya feni ivute hewa kupitia rejeta nzima. Hiyo ya inchi 12 isiyo na fremu inapoza duara lake tu. Kama imefungwa kwa tai za plastiki zilizopenyezwa kwenye rejeta, zitoe, zinasugua mirija mpaka inavuja. Kabla hujalipa, izungushe kwa mkono usikie kama inakwaruza, kisha iunge kwenye betri. Inayosubiri kusukumwa na kidole ndipo izunguke, kaboni zake (vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota) zimekwisha. Mrudishie mwenyewe.

Ikishafungwa, weka karatasi mbele ya rejeta gari likiwa limesimama. Inatakiwa inase. Ikipeperuka, waya zimegeuzwa na feni inasukuma hewa kwenda mbele, inapigana na upepo wa gari. Hata hiyo uliyonayo ipime hivyo leo. Nina wasiwasi nayo.

Kwenye waya sasa. Usikimbilie kuunda njia mpya, maana ya kiwandani huenda bado ni nzima. Na Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina jambo linalowachanganya mafundi: swichi ya joto la maji inapitisha umeme injini ikiwa baridi, na inakata maji yakifika kama nyuzi 93. Ikikata, rilei (swichi inayovutwa na umeme mdogo ili kuongoza mkubwa) inalegea, feni inawaka. Kwa hiyo chomeka feni mpya kwenye soketi ya zamani ya feni, washa funguo bila kuwasha injini, chomoa soketi ya swichi hiyo. Feni ikizunguka, mfumo ni mzima, iache hapo hapo na uirudishie swichi soketi yake. Isipozunguka, angalia fyuzi na rilei kabla ya kulaumu kitu kingine. Ukikuta mtu ameweka rilei ya kawaida ya miguu minne, inayopitisha umeme ikivutwa badala ya ikilegea, feni itafanya kazi injini ikiwa baridi na kulala maji yakichemka.

Kama waya za kiwandani zimeshakatwakatwa, tumia rilei ya miguu mitano: umeme uingie mguu wa 30, feni ichukue kwenye 87a (mguu wenye umeme rilei ikilegea), na 85 na 86 ziende kwenye umeme wa funguo na swichi ya joto. Mguu wa 30 usiutoe betri moja kwa moja. Upitishe kwenye rilei ya pili inayokufa ukizima funguo, la sivyo feni itazunguka usiku kucha na asubuhi betri haina kitu. Waya mkubwa uwe wa milimita 4 za mraba, fyuzi ya ampea 30 ikae karibu kabisa na betri, na waya wa hasi uwe mnene vilevile, ufungwe kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi.

Halafu liache gari likiwaka pale pale mpaka feni iwake na kuzima yenyewe. Joto likiendelea kupanda hata ukiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, feni haina kosa, maana upepo wa mwendo ule unatosha. Hapo kagua rejeta iliyoziba, thamostati au pampu ya maji.