Tumuenzi vipi mhariri wetu?

SWALI: Mhariri mkuu wa jarida la chama chetu cha kisayansi anang'atuka Desemba, baada ya miaka 20 ya kujitolea bila posho. Wapo wanaotaka ngao, wapo wanaotaka toleo maalumu la jarida kwa heshima yake. Tushike lipi? – Katibu, Upanga

JIBU: Ndugu Katibu, ngao ni rahisi. Mpe fundi wa Kariakoo jina na cheo vikiwa vimechapwa, usimsomee kwa simu, na uone mfano kabla hajachonga. Herufi ikishakosewa kwenye shaba haifutiki.

Toleo maalumu ndilo lenye uzito, ila Desemba hamtaiwahi. Kualika waandishi, kuhakiki na kusahihisha huchukua mwaka mzima, pengine zaidi. Desemba mkabidhini ngao na kutangaza toleo la mwakani.

Teueni wahariri waalikwa wawili wa kusimamia toleo hilo. Mhariri mnayemuenzi mwenyewe asiguse muswada hata mmoja wake, maana ni mgongano wa maslahi. Kinachoharibu matoleo haya ni urafiki: watu huleta makala zilizokwishakataliwa kwingine, na kamati huona haya kuzirudisha. Kila makala ipite kwa wahakiki wawili, kama kawaida.

Tahariri ya kumuenzi isizidi kurasa mbili. Sifa tupu hazisomeki. Fungueni majalada mhesabu matoleo aliyosimamia na miswada aliyopokea, kisha yeye ahakiki miaka na vyeo.

Na nywila za mfumo wa kupokelea miswada? Mara nyingi anazo yeye peke yake. Zichukueni kabla ya keki.