Gari la umeme likishaharibika kabisa, anza na ripoti ya mthamini

Kampuni ya bima iliponiambia gari langu halitengenezeki tena, kila mtu alinishauri nikatae kiasi walichotaja na kudai zaidi. Kudai tu hakusaidii. Kilichoongeza fidia yangu ni kuomba ripoti kamili ya uthamini, pamoja na orodha ya magari waliyolinganisha na langu.

Kwa kawaida bima kubwa hulipa thamani ya soko ya gari kabla tu ya ajali. Bei uliyonunulia haihusiki, wala deni la benki. Kwa hiyo ubishi wote ni juu ya jambo moja: lilikuwa gari la namna gani? Hapo ndipo wenye magari ya umeme hupunjwa. Modeli moja ya mwaka mmoja inaweza kuwa na betri ya kilowati-saa 58 au 77, na kwenye orodha yangu baadhi ya magari yalikuwa ya betri ndogo. Niliomba yaondolewe, nikapeleka matangazo ya magari yanayofanana kweli na langu, ya tarehe zilizo karibu na ajali.

Afya ya betri nayo ina bei. Ukiwa na ripoti ya vipimo vya gereji inayoonyesha uwezo uliobaki, itume. Angalia pia dhamana: watengenezaji wengi huitoa kwa miaka 8 au kilomita 160,000, wakiahidi uwezo wa betri hautashuka chini ya asilimia 70 ya ule wa ilipokuwa mpya. Gari lenye miaka minne ya dhamana mbele yake haliwezi kuwekwa kapu moja na lile ambalo dhamana imekwisha, hata kama mthamini amepunguza bei kidogo kwa ajili ya kilomita ambazo gari limetembea. Hoja hii ndiyo iliyowabana zaidi.

Risiti ya ununuzi, kwa upande mwingine, iache nyumbani. Watengenezaji wakishusha bei ya magari mapya, yaliyotumika hushuka pia, na risiti yako haibadilishi hilo.

Mabaki je? Ukiyabakiza, thamani yake hukatwa kwenye malipo. Binafsi siyataki: betri iliyopondeka inaweza kushika moto siku kadhaa baada ya ajali, na si kila yadi itakubali kulihifadhi gari hilo.

Mkikwama, soma mkataba wako. Baadhi ya mikataba huruhusu kila upande kuteua mthamini wake, na wakishindwa kukubaliana huamua msuluhishi. Wako utamlipa wewe, na gharama ya msuluhishi mtagawana, kwa hiyo usiende huko kwa tofauti ndogo. Waombe walipe kwanza kiasi kisichobishaniwa, na usitie saini hati yoyote inayosema umeridhika na malipo yote. Marejesho ya mkopo endelea kuyalipa, maana benki haisubiri mmalize kubishana.