Wawili wanatosha, ila shangazi

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza kama hospitali zina haki ya kuwafukuza ndugu wanaokesha nje ya chumba cha wagonjwa mahututi. Haki wanayo. Mimi nawauliza hao ndugu: mnakesha kwa ajili ya nani?

Yalinikuta masika ya 2016. Mtoto wa dada yangu, miaka minne, malaria ilimpanda kichwani. Alishikwa na degedege mara tatu kabla hatujafika hospitali moja mjini Tanga. Akawekewa oksijeni, akachomwa sindano ya artesunate, ya pili baada ya saa 12, ya tatu ilipotimia 24. Anayeruhusiwa kuingia ni mmoja tu. Nje tulikuwa kumi na mmoja, na mikeka, chupa za chai na bakuli la mihogo ya nazi.

Dada akitoka tu, anavamiwa. "Amefumbua macho?" Anamweleza Mama, anamweleza Baba Mkubwa, halafu anamweleza aliyekuwa amekwenda msalani. Habari ileile, na wala si njema. Tulipoambiwa mtoto amepungukiwa damu, ndugu wachangie, baraza likapwaya. Mmoja akakumbuka hakufunga duka. Shangazi ndiye aliyesimama wa kwanza. Akapimwa: kilo 47. Chini ya 50 hutoi damu. Akarudi amenuna kama aliyenyimwa sahani shughulini.

Nikamwambia, "Shangazi, nenda ukalale, hapa huna kazi."

Hakunijibu. Alikuwa anatazama kandambili za dada pale mlangoni, maana wanaoingia huvua viatu. Zikiwepo, mtoto ana mtu. Basi usiku kucha akawa analinda kandambili.

Usiku wa tatu, kama saa nane, nesi akatoka akamwita mama wa mtoto mwingine. Binti mdogo tu, katokea ng'ambo ya Mto Pangani, peke yake na kikapu chake, siku zote hizo kakaa hatua mbili kutoka mkeka wetu. (Sikumbuki kama tulimkaribisha hata mhogo.) Nesi akamwinamia, akamnong'oneza. Binti hakulia. Akachukua kanga ya mtoto, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Shangazi akanyanyuka, akamkumbatia kwa nyuma, wakakaa chini pamoja, na hapo ndipo kilio kikatoka. Alikaa naye hadi alfajiri. Kulipokucha, walewale waliokimbia sindano wakachanga nauli ya gari la kumrudisha malaika kwao, na Baba Mkubwa akapanda nao mpaka kivukoni.

Wetu alifumbua macho siku iliyofuata, akaomba soda.

Nilianza barua hii nikitaka kusema mlinzi awatoe wote saa mbili usiku. Bado nasema wawili wanatosha: mmoja wa kuingia, mmoja wa kukimbilia dawa. Labda na wa tatu mwenye kilo zake 50, na awe mtu asiye na duka. Mwingine yeyote arudi nyumbani, geti lifungwe. Ila akitokea mama mtu mzima, kakaa kimya karibu na mlango, anaambiwa atoke na hatoki, mlinzi amwache. Huyo asihesabiwe.

Msomaji, Tanga