Albamu za Owen Pallett: Ipi Itangulie?

SWALI: Mhariri, nimemfahamu Owen Pallett, mpiga fidla na mwimbaji wa Kanada, kupitia albamu yake ya In Conflict, nami imenikaa moyoni. Rafiki yangu anashikilia kuwa He Poos Clouds, iliyopata Tuzo ya Polaris ya albamu bora ya Kanada, inazishinda zote. Ninyi mngezipangaje albamu zake tano?

JIBU: Ndugu msomaji, rafiki yako ana hoja nzito, kwani albamu hiyo ndiyo iliyotunukiwa Polaris mwaka 2006, tuzo hiyo ilipotolewa kwa mara ya kwanza. Hata hivyo, nafasi ya kwanza tunaipa Heartland ya mwaka 2010, wala hatusitisiti. Wanamuziki wengi wa roki hukodi orkesta ili kupamba wimbo ambao ungesimama hata bila hiyo, lakini katika Heartland orkesta ndiyo inayosimulia. Kijana mkulima aitwaye Lewis, mkali na mwepesi wa kumwaga damu, anaishi katika nchi ya kubuni iitwayo Spectrum, naye anamlalamikia muumba wake, ambaye si mwingine bali ni Owen, mtunzi wa nyimbo zenyewe. Sikiliza Lewis Takes Off His Shirt: kinanda cha elektroniki kinatangulia kwa noti fupifupi zinazofukuzana, ala za nyuzi zinaingia, kisha kauli ileile ya kukataa inarudiwa mara nyingi huku orkesta ikipanda chini yake, mpaka unahisi mtu anakata kamba alizofungwa. Maneno hayo yakiimbwa peke yake hayana uasi wowote. Uasi umo katika ala.

Ya pili ni Island ya mwaka 2020, iliyorekodiwa pamoja na London Contemporary Orchestra. Lewis anarudi, ila safari hii gitaa la akustika limetawala na orkesta inanong’ona zaidi kuliko kunguruma. Tunakusihi uisikilize mfululizo bila kuruka wimbo, kwa sababu kishindo cha A Bloody Morning hakiwezi kukugusa vilivyo kama hujapitia utulivu uliokitangulia.

He Poos Clouds tunaiweka ya tatu. Kuandikia fidla mbili, viola na selo nyimbo zilizojengwa juu ya aina za uchawi za mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, Dungeons & Dragons ni ujasiri mkubwa, na upangaji wa ala humo ni wa mtu aliyesomea utunzi kwa kina. Tatizo letu ni kwamba maneno yamebanana, na mara kwa mara sauti inahema ikizikimbilia nyuzi.

In Conflict ya mwaka 2014, ambayo Brian Eno, mwanamuziki na mtayarishaji wa Uingereza, ameshiriki, ni ya nne, nayo ndiyo inayozungumza na msikilizaji waziwazi zaidi. Has a Good Home ya mwaka 2005 inafunga orodha, japokuwa ndiyo inayoonesha vizuri jinsi anavyojirekodi akipiga fidla, akairudisha sauti hiyo kwa kukanyaga kifaa, na kujijibu mwenyewe. Albamu hiyo na He Poos Clouds zilitoka kwanza kwa jina lake la kisanii la wakati huo, Final Fantasy, kwa hiyo ukizitafuta nakala za zamani tumia jina hilo.

Basi endelea na Heartland, kisha Island. He Poos Clouds isikilize ukiwa na rafiki yako, akuoneshe anachokisikia yeye.