Kutia maneno kwenye solo ya tarumbeta

SUALI: Naimba taarabu hapa Wete. Samara Joy, mwimbaji wa jazz wa Marekani, katika albamu yake Linger Awhile (2022), ametia maneno kwenye solo (kipande anachopiga mwanamuziki mmoja kwa kubuni papo hapo) ya Fats Navarro, mpiga tarumbeta wa miaka ya 1940. Kwa Kiswahili itawezekana?

JAWABU: Itawezekana, bibie, ila usianze na solo nzima. Chukua baa 8, yaani vipande vinane vya mapigo. Punguza kasi ya rikodi kwenye simu, imba kwa "la" tu mpaka pumzi zako ziangukie pale alipovuta Navarro. Halafu chora kijistari kwa kila noti, na noti ndefu zizungushie duara.

Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Silabi ya pili kutoka mwisho ndiyo yenye mkazo, nayo ndiyo ikae kwenye duara. Noti ndefu ikiangukia "-ri" ya "habari", msikilizaji atasikia "habarii!" ya barazani. Ikiwa kifungu kinaishia kwa noti ndefu, igawe: "-ba-" ichukue sehemu kubwa, "-ri" iingie mwishoni kabisa. Penye noti za mbio epuka "ngw" na "mbw", ulimi hauwahi.

Vina na mizani achana navyo. Solo haina bahari, yaani aina ya shairi yenye kanuni zake.